Muungano wa protini unadhibitije kazi za seli, na nani anaudhibiti wenyewe?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa baiolojia. Karibu kila sura ninayosoma ina protini zinazofanya kazi kwa makundi: APC/C, mTORC1, proteasomu na kadhalika. Nina maswali matatu. Kwa nini seli isitengeneze protini moja kubwa ikafanya kazi yote? Tukisema muungano "unadhibiti" jambo, amri inatoka wapi? Na nikiongeza jeni ya kijenzi kimoja ndani ya seli, je, kazi ya muungano mzima itaongezeka?

JIBU: Nitaanza na swali la pili, maana ukilielewa hilo mengine mawili hayatakusumbua sana.

Amri haitoki mahali pamoja. Ndani ya seli, kule kuungana kwenyewe ndiko amri. Protini hii ikikutana na ile, mahali fulani, kwa dakika fulani, kazi inaanza. Zikiachana, au ikiingia ya tatu ikakaa katikati, kazi inasimama. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba muungano fulani unadhibiti mgawanyiko wa seli au ukuaji wake, jiulize: ni kijenzi kipi kinachoingia na kutoka, na nini kinakiruhusu kuingia? Vijenzi vinavyokaa humo muda wote ni vya lazima, lakini udhibiti mara nyingi hauko kwao.

Michoro ya vitabuni inapotosha kidogo hapa. Muungano huchorwa kama kitu kilichokwisha kuundwa, kila kipande kimekazwa mahali pake. Ipo michache iliyo hivyo. Ila mingi inayodhibiti mambo hukutana kwa muda, ikafanya jambo lake na kutawanyika, na mchoro mmoja hauwezi kukuonyesha hilo.

Chukua mfano mdogo kabisa, wa protini mbili. Kinasi ziitwazo Cdk huisukuma seli kutoka hatua moja ya mzunguko wake hadi nyingine kwa kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Cdk ikiwa peke yake haina nguvu, kwa sababu kipande cha mnyororo wake wenyewe wa asidi amino hukaa mbele ya mahali pa kazi na kuziba njia. Saiklini ikiungana nayo, kipande hicho husogezwa pembeni na mahali pa kazi hupangika sawasawa. Saiklini yenyewe si kimeng'enya. Haibandiki kitu, haikati kitu. Kazi yake ni kuungana tu. Tim Hunt aliiona mara ya kwanza mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani, akichunguza mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba: protini moja ilikuwa ikiongezeka taratibu, kisha ikitoweka ghafla kila mayai yalipogawanyika. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Halafu ongeza protini ya tatu, p27. Hii hulalia juu ya Cdk na saiklini kwa pamoja na kujipenyeza hadi mahali ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inapopaswa kukaa. Sasa una hali tatu: Cdk peke yake imelala, Cdk na saiklini inafanya kazi, na zote tatu zimefungwa. Hakuna jeni iliyobadilika wala kimeng'enya kilichotengenezwa upya. Kilichobadilika ni nani yuko na nani.

Turudi kwenye swali la kwanza. Njia ya protini moja kubwa ipo, na mahali pengine imefaa. Asidi za mafuta hutengenezwa kwa hatua kadhaa zinazofuatana. Katika bakteria kama E. coli kila hatua ina protini yake inayojitegemea. Kwa wanyama shughuli hizo zimewekwa kwenye mnyororo mmoja mrefu, na minyororo miwili ya namna hiyo hukaa pamoja. Kwa nini imefaa? Kwa sababu hatua ni zilezile siku zote, kwa mpangilio uleule, na kila moja inahitajika kwa kiasi sawa na nyingine. Seli haina haja ya kung'oa hatua ya tatu leo na kuweka nyingine kesho.

Kazi ya udhibiti haiko hivyo. Na kabla ya kufika huko kuna suala la makosa. Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, hukosea takriban asidi amino moja katika kila elfu kadhaa. Proteasomu, mashine ya seli inayokatakata protini, ikiwa kamili (ile iitwayo 26S) ina uzito wa daltoni milioni 2.5 hivi, sawa na asidi amino zaidi ya 20,000. Ingekuwa mnyororo mmoja, karibu kila nakala ingetoka na kosa mahali fulani. Ikitengenezwa vipande vipande, kipande kibovu hukataliwa kabla ya kuunganishwa na vizuri havipotei. Tena, sehemu yake ya katikati ina nafasi 28 lakini inahitaji jeni 14 tu, kwa kuwa kila kijenzi hutumika mara mbili. (Utaniambia kuhusu titini ya misuli, ambayo ni mnyororo mmoja wenye asidi amino zaidi ya 30,000. Ni kweli. Lakini titini kwa sehemu kubwa ni vipande vinavyofanana vilivyorudiwarudiwa ili kuhimili mvutano, kwa hiyo kosa moja humo mara nyingi halisumbui.)

Sababu ninayoipa uzito zaidi, hata hivyo, ni uwezo wa kubadilisha kijenzi kimoja na kuacha vingine. Binadamu ana jeni za kinasi zaidi ya 500, yaani protini zinazobandika fosfeti. Vimeng'enya vinavyobandua fosfeti kutoka asidi amino za serini na threonini ni vichache mno kulinganisha na hizo. Vichache hivyo vinatosheaje? Tazama muungano uitwao PP2A. Una kijenzi kimoja ambacho ni jukwaa, kingine kinachobandua fosfeti, na cha tatu kinachochaguliwa kutoka kundi la jeni zaidi ya kumi. Huyo wa tatu ndiye anayeamua muungano uende wapi na ushike nini. Ukiweka kijenzi cha tatu kiitwacho B55 unapata kazi moja. Ukiweka B56 muungano unaweza kwenda kukaa kwenye kromosomu wakati seli inajiandaa kugawanyika. Mbanduaji ni yuleyule. Kwa protini mbili za kudumu na ya tatu inayobadilika, seli hupata makumi ya vimeng'enya tofauti.

Sasa APC/C, muungano ambao ningeuchagua kama ningeruhusiwa kufundisha mmoja tu. Usiuchanganye na jeni ya APC inayohusika na saratani ya utumbo mpana. Herufi zimefanana, undugu hakuna. Kazi ya APC/C ni kubandika ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, kwenye protini zinazotakiwa kuangamizwa. Mnyororo wa ubikwitini ukishakaa, proteasomu huivuta protini hiyo ndani na kuikatakata. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kuigundua njia ya ubikwitini, na maabara ya Hershko ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza kuipata APC/C mwaka 1995.

Seli inayogawanyika inakuwa katika hali hii. Kila kromosomu imekwisha kunakiliwa, na nakala zake mbili zimeshikwa pamoja na pete za kohesini, ambazo nazo ni muungano wa protini. Kipo kimeng'enya kinachoweza kuzikata pete hizo, separasi, lakini kimeshikwa na protini iitwayo sekurini. Wakati huohuo saiklini B inaiweka Cdk1 hai, na maadamu Cdk1 iko hai seli haiwezi kumaliza mgawanyiko. APC/C ikianza kazi, sekurini na saiklini B hubandikwa ubikwitini na kuteketezwa. Separasi inaachiwa, pete zinakatwa, nakala zinavutwa kila moja upande wake. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Fosfeti inaweza kubanduliwa na kubandikwa tena, ila protini iliyokatwakatwa haiungwi, na nadhani hiyo ndiyo sababu seli imeuweka uharibifu kwenye hatua hii hasa.

Kwa kuwa hakuna kurudi nyuma, kuanza mapema ni hatari. Nakala moja ikienda upande usio wake, seli moja hupata kromosomu iliyozidi na mwenzake hupungukiwa. Kwa hiyo tuone APC/C inazuiwaje.

APC/C ya binadamu ina aina 14 za vijenzi, baadhi vikijirudia, jumla minyororo 19, uzito karibu daltoni milioni 1.2. Mwili huo mkubwa ukiwa peke yake haufanyi kazi ya maana. Unahitaji kijenzi cha ziada, Cdc20, ambacho husaidia kuzishika protini zinazolengwa na pia huugeuza muungano ukae mkao wa kazi. Na Cdc20 haiwezi kuingia hivihivi. Ndani ya kijenzi kiitwacho APC1 kuna kitanzi kinachoziba mahali Cdc20 inapopaswa kukaa. Cdk1 ikibandika fosfeti kwenye kitanzi hicho, kinaondoka njiani. Angalia mzunguko huu vizuri: Cdk1 iliyo na saiklini B ndiyo inayofungua mlango kwa muungano utakaokuja kuiangamiza saiklini B. Seli inapoingia kwenye mgawanyiko tayari imeanza kuandaa njia ya kutoka.

Mlango wa pili ndio unaonipendeza zaidi. Kromosomu 46 zilizonakiliwa zina kinetokori 92. Kinetokori ni rundo la makumi ya protini lililo kwenye kila nakala, na hapo ndipo mikrotubuli, nyuzi za protini zinazovuta kromosomu, hunasa ili kuivuta. Seli isianze kutenganisha nakala mpaka zote 92 ziwe zimenaswa. Itajuaje? Haina jicho la kuhesabia. Inachofanya ni hiki: kinetokori isiyonaswa hukusanya protini za Mad1 na Mad2, na juu yake Mad2 nyingine hubadilishwa umbo. Mad2 yenye umbo jipya huikamata Cdc20. Kisha protini za BubR1 na Bub3 hujiunga. Muungano huu wa protini nne huitwa MCC, na huondoka hapo ukaenda kuikalia APC/C. BubR1 ina vipande vinavyofanana na alama za protini zinazolengwa, kwa hiyo hujaza nafasi ambazo sekurini na saiklini B zingeshikiwa.

Umeona kilichotokea? Kizuizi cha APC/C kimetengenezwa kwa kutumia kiamshi chake chenyewe. Cdc20 ikiwa peke yake huiwasha APC/C. Cdc20 ikiwa na wenzake watatu huizima. Ukipima kiasi cha Cdc20 ndani ya seli na kuishia hapo, huwezi kujua kama APC/C inafanya kazi au la. Ni lazima ujue Cdc20 iko na nani.

Conly Rieder na wenzake walilionyesha hili mwaka 1995 kwa jaribio rahisi kueleza na gumu kulifanya. Walitumia seli za mnyama mdogo wa Australia zenye kromosomu chache na kubwa, zinazoonekana vizuri kwa darubini. Wakasubiri seli ambamo imebaki kinetokori moja tu isiyonaswa; seli kama hiyo husubiri. Kisha wakaiunguza kinetokori hiyo kwa leza. Kromosomu ilikuwa bado haijanaswa ipasavyo, hakuna kilichorekebishwa, lakini seli ikaendelea na mgawanyiko. Maana yake, zile kinetokori zilizonaswa hazikuwa zikitoa ruhusa. Ile moja iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikitoa katazo. Na inawezekana moja kuizuia seli nzima kwa sababu kinetokori haitumiki mara moja ikaisha: huendelea kugeuza Mad2 moja baada ya nyingine.

Kinetokori ya mwisho ikinaswa, dainini, protini inayotembea juu ya mikrotubuli, huzibeba Mad1 na Mad2 na kuziondoa hapo. MCC mpya hazitengenezwi tena. Lakini zile za zamani je? Hazisubiriwi zijiozee. Protini ya TRIP13, ikisaidiwa na nyingine iitwayo p31comet, hutumia ATP kuing'oa Mad2, na APC/C yenyewe hubandika ubikwitini kwenye Cdc20 iliyo ndani ya MCC. Uvunjaji huu hauanzi mwishoni. Unaendelea muda wote, hata wakati katazo lina nguvu. Unaonekana kama upotevu wa nishati, kujenga na kubomoa kitu hichohicho. Faida yake ni kasi: kujenga kukisimama, katazo linaisha upesi, kwa sababu kubomoa kulikuwa tayari kunaendelea. Ukikutana na miungano ya udhibiti mingine utaona mtindo huu mara nyingi.

Na Cdc20 haidumu. Kuna kijenzi mbadala, Cdh1, ambacho Cdk1 hukizuia kwa kukibandika fosfeti. Saiklini B ikiteketea, Cdk1 inapoa, fosfeti zinabanduliwa, Cdh1 inaingia. APC/C yenye Cdh1 ina walengwa wengine, na mmoja wao ni Cdc20. Mwili wa muungano ni uleule, vijenzi 19 vilevile. Aliyebadilika ni mgeni mmoja, na kazi imebadilika.

Nisikuchoshe na APC/C. Nina mfano mwingine unaoonyesha jambo ambalo APC/C haionyeshi vizuri: mahali muungano ulipo.

Rapamisini ni dawa iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui miaka ya 1960. Mwaka 1991, huko Basel, Michael Hall na wenzake walitumia hamira sugu kwa dawa hiyo kuzipata jeni za protini inayolengwa, wakaiita TOR. Kwa wanyama huitwa mTOR, kinasi kubwa yenye asidi amino 2,549. Kinasi hii huishi katika miungano miwili. Ikiwa na protini ya Raptor inakuwa mTORC1, ambayo husukuma ukuaji: seli hutengeneza protini na mafuta, na huacha kujila vitu vyake vya ndani. Ikiwa na protini ya Rictor inakuwa mTORC2, yenye walengwa wengine. Rapamisini, ikishaungana na protini ndogo iitwayo FKBP12, huishika mTORC1 lakini haiwezi kuishika mTORC2 iliyokwisha kuundwa, ingawa sehemu ya kinasi inayoshikwa ni ileile, kwa sababu katika mTORC2 sehemu hiyo imefunikwa. Kinasi moja, dawa moja, majibu mawili.

Sasa tuangalie mTORC1 inaamshwaje. Kukua bila chakula ni kujiua, na kukua bila ruhusa ya mwili ni saratani, hivyo seli inahitaji kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: je, asidi amino zipo, na je, homoni kama insulini imetoa ishara? Ni kama sanduku lenye kufuli mbili, kila ufunguo uko kwa mtu wake. Ufunguo wa kwanza ni protini za Rag, zilizofungwa kwenye uso wa lisosomu (kifuko cha seli cha kumeng'enyea vitu) na muungano wa protini tano uitwao Ragulator. Asidi amino zikiwepo, Rag hushika Raptor na kuivuta mTORC1 ije ikae juu ya lisosomu. Kufika hapo hakutoshi. Ufunguo wa pili ni protini ya Rheb, ambayo nayo iko juu ya lisosomu, na ndiyo inayoiwasha kinasi. Rheb huzimwa na muungano wa TSC. Insulini ikifika, kupitia kinasi iitwayo Akt, TSC huondolewa hapo na Rheb hubaki hai.

Kwa hiyo kinasi imetengwa mbali na kiwashio chake, na chakula ndicho kinachoileta karibu. Hata kama insulini ni nyingi, mTORC1 iliyoko mbali na lisosomu haikutani na Rheb. Hata kama asidi amino ni tele, bila insulini mTORC1 iliyofika lisosomu inaikuta Rheb imezimwa. Kuna tabaka jingine juu ya hili: protini ya Sestrin2 huishika asidi amino ya lusini na ile ya CASTOR1 huishika arginini, na kila moja ikishashika asidi amino yake huachia muungano uitwao GATOR2, ambao hatimaye huondoa breki kwenye Rag. Ukilifuatilia kwa muda mrefu utaona ni hadithi ileile: kitu kidogo kinashikwa, protini mbili zinaachana, na kuachana kwao ndiyo habari inayopelekwa mbele.

Watu waliozaliwa na kasoro kwenye jeni ya TSC1 au TSC2 hupata uvimbe kwenye ubongo, figo na ngozi, kwa kuwa breki ya Rheb haipo. Everolimasi, iliyotengenezwa kutokana na rapamisini, hutumika kwa baadhi ya wagonjwa hao. Ni mojawapo ya mara chache ambapo ukiifuata njia ya miungano kwenye karatasi unafika moja kwa moja kwenye dawa inayotumika.

Usidhani kila muungano hudhibitiwa kwa kuja na kuondoka kwa vijenzi, maana proteasomu ina mtindo wake. Sehemu zake zinazokata zimefichwa ndani ya pipa la pete nne za protini saba saba. Mlango wa pipa umezibwa na ncha za protini za pete ya nje. Juu yake hukaa kifuniko cha protini 19 hivi: kinatambua ubikwitini, kinafungua mlango, na injini zake sita za ATP zinainyoosha protini ili ipenye. Ukali wote umewekwa ndani, ili usiikate seli yenyewe. Dawa ya bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma, huingia na kuziba mahali pa kukatia.

Sasa swali lako la tatu. Jibu fupi: mara nyingi hapana, na wakati mwingine utapata kinyume cha ulichotaka.

Fikiria muungano wa A, B na C ambamo B ndiyo kiungo kati ya A na C. Ukiongeza B kidogo, pengine utapata miungano mingi zaidi. Ukiongeza B sana, kila A itajipatia B yake na kila C itajipatia B yake, na A na C hazitakutana. Utakuwa na vipande nusu nusu kila mahali na miungano kamili michache kuliko mwanzo. Wanafunzi wengi huona matokeo haya wakadhani jeni waliyoweka ni kizuizi.

Halafu kuna suala la kijenzi kilichobaki bila mwenza. Sehemu zake za kuungania kwa kawaida hazipendi maji, na zikiwa wazi hushikamana na chochote. Seli nyingi huvitambua vijenzi hivyo na kuvipeleka kwenye proteasomu. Ndiyo sababu, katika seli zenye kromosomu ya ziada, protini zilizo za miungano mara nyingi hazizidi kwa kiasi ambacho ungetarajia ukihesabu jeni: ziada inatengenezwa, kisha inaharibiwa. Pale uharibifu unaposhindwa, madhara huonekana. Mfano ulio wazi kabisa ni thalasemia ya beta. Himoglobini ni muungano wa minyororo minne, alfa mbili na beta mbili. Beta zikipungua, alfa hukosa wenza, hugandamana ndani ya chembe nyekundu zinazokua na kuziua nyingi kabla hazijaingia kwenye damu. Jambo la kushangaza mwanzoni ni kwamba mgonjwa mwenye thalasemia ya beta ambaye pia amerithi upungufu wa alfa mara nyingi huwa na ugonjwa mwepesi zaidi. Kasoro mbili kwake ni afadhali kuliko moja, kwa sababu uwiano umekaribiana.

Lakini vipo vijenzi ambavyo ukiviongeza unapata athari kubwa, na unaweza kuvitabiri: ni vile vinavyoingia na kutoka. Ongeza APC1 peke yake na usitarajie mengi. Ongeza Cdc20 kupita kiasi, na seli inaweza kuanza kutenganisha kromosomu hata kabla hazijanaswa zote, kwa kuwa Mad2 na BubR1 hazitoshi kuikamata Cdc20 yote. Ongeza Mad2, na mgawanyiko huchelewa. Katika panya jambo hili limeonekana kuvuruga idadi ya kromosomu na kuleta uvimbe.

Kwa hiyo kabla hujaagiza plasmidi, yaani DNA ya kubebea jeni yako, tafuta ni kijenzi kipi kilicho haba katika aina ya seli unayotumia. Kipimo cha protini kwa spektrometa ya masi kitakupa makadirio mazuri. Kisha usiweke dozi moja. Weka ngazi za dozi, kutoka ndogo sana hadi kubwa, kwa sababu mchoro unaopanda kisha kushuka unakuambia kijenzi chako ni kiungo. Usipime kijenzi hicho peke yake kwenye jeli ya kawaida yenye sabuni, maana sabuni hiyo inavunja miungano yote na utaona kiasi tu. Kivute muungano kwa kutumia kijenzi kingine, si kile ulichoongeza, uone kama kweli vimeungana.

Ukitumia programu ya kutabiri maumbo, kama AlphaFold, ichukulie kama dokezo la mahali protini zinapogusana. Itakupa picha moja tulivu, na wewe unachunguza kitu kinachokuja na kuondoka. Hata picha za darubini ya elektroni ya baridi kali, mbinu iliyowapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson Nobel ya mwaka 2017, huonyesha hali zile tu zilizotulia vya kutosha kukusanywa. Itumie picha hiyo kuchagua asidi amino mbili au tatu za mahali pa kuungania, uzibadilishe, na uweke jeni hiyo iliyovurugwa kama kigezo cha kulinganishia katika jaribio lako. Ikitoa matokeo yaleyale na jeni nzima, basi unachokiona hakitokani na muungano.